Nafasi Moja ya Mzazi

Kwanza nilisikia kiganja. Kilikuwa kinakwaruza ukuta wa korido, kinasimama, kinaendelea, na nyuma yake miguu mitupu inaburuzwa juu ya sementi. Nilikuwa bado nimefumba macho, nimelala kwenye chumba changu cha zamani nyumbani Butiama, na kwa muda nilidhani mbuzi ameingia ndani anajikuna. Sauti ikafika mlangoni kwangu, ikaupoteza ukuta, ikatulia. Nikasikia pumzi. Kiganja kikapiga hewa mara mbili, kikaipata fremu ya upande wa pili, kikaendelea na safari yake kuelekea jikoni.

Nilipofungua macho, mwanga ulikuwa umejaa dirishani. Kumekucha kabisa. Bibi alikuwa anapapasa kuta za nyumba aliyoishi tangu akiwa bibi harusi, na ilikuwa asubuhi kweupe.

Nilimfuata. Nilisimama kwenye kizingiti cha jikoni nikamtazama akimimina chai. Alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, akamimina mpaka chai ya moto ikamgusa, akakitoa kidole bila kushtuka. Akanisogezea kikombe pale hasa ninapokaaga siku zote. Niliketi, nikanyoosha mkono kimya kimya upande wake wa kulia, nikaupunga karibu na uso wake. Hakupepesa.

"Ukimaliza kupunga, unywe chai," alisema.

Nilirudisha mkono kwa haraka kama mwizi. Alicheka kidogo, akasema huku kushoto anaonaga bado, asubuhi vizuri, jioni si sana, na kwamba nisianze kumwangalia kama jeneza. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu lini nini. Ilibidi nimsumbue mpaka chai ikapoa ndipo akanituma kwenye kopo la majani ya chai. Chini ya majani, imekunjwa mara nne, kulikuwa na karatasi aliyopewa na madaktari waliokuja kufanya kambi ya macho miezi miwili nyuma. Mimi aliniambia kwenye simu kwamba walimsafisha macho tu wakampa matone. Karatasi ilisema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha kupotea. La kushoto lianzishiwe dawa bila kuchelewa, na huenda likahitaji upasuaji. Chupa ya matone ilikuwa juu ya kabati, dawa imekwisha, imeoshwa vizuri na kutiwa chumvi.

Sikumaliza chai ile.

Inabidi nieleze bibi huyu ni nani, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalisimama juu ya hilo. Huyu ninayemwita bibi ndiye aliyemuoa mama yangu. Watu wa kwingine huniomba nirudie sentensi hiyo. Kwetu Mara, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili mji wake usizimike. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hiyo, wanabeba jina la marehemu. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume aliyenizaa alipita tu katika mpango huo. Hakuna aliyewahi kunitajia yeye ni nani, na nilipokuwa mtoto sikuona kama kuna kitu kimepungua. Nilikuwa na mama, nilikuwa na bibi, na marehemu alikuwa na picha ukutani.

Kisha, nikiwa mdogo, mama alikwenda Bunda kujifunza cherehani. Ilikuwa iwe miezi sita. Alibaki huko. Majirani walisema amekimbia. Bibi alisema amekwenda kazini. Hakuita kikao, hakutuma mtu wa kumrudisha. Mama alikuja sikukuu na magauni aliyonishonea kwa kukisia, mengine yakinibana, mengine yakinimeza, akaondoka tena. Hatukuwahi, sisi watatu, kuliita jambo lile kwa jina lolote.

Jumatatu nilirudi kazini Musoma. Ofisi yetu ni ndogo, iko ghorofani, na ukisimama kwenye dirisha la nyuma unaliona ziwa. Kazi yangu ni kusahihisha na kutafsiri ripoti. Riwaya yangu naiandika alfajiri kabla ya kuja. Kwenye simu nilikuwa na ujumbe wa ofisi niliokuwa nimeupuuza kwa zaidi ya wiki: dirisha la usajili wa bima ya macho liko wazi, litafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Tulikuwa na bima ya matibabu ya kawaida tayari. Ya macho ilikuwa mpya, ya kuchagua.

Vilikuwepo vifurushi viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kupima na kupata miwani. Nilikuwa nimekwisha kukichagua kichwani kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu kila ifikapo saa kumi herufi za kompyuta zilianza kuota manyoya. Cha pili kililipia dawa za kila mwezi na upasuaji, hata wa ugonjwa uliokwisha kujulikana, alimradi mgonjwa aandikwe kabla dirisha halijafungwa. Kilikata mshahara zaidi ya mara mbili ya kile cha kwanza. Ukishathibitisha, hubadili kitu kwa miezi kumi na miwili. Na katika vyote viwili, kama ilivyo kwenye bima yetu ya kawaida, mfanyakazi alikuwa na nafasi moja ya mzazi.

Nilipitia kwanza kwa mtaalamu wa macho, nikamwonyesha ile karatasi. Nilimwuliza swali ambalo nililiona la busara: kama mwaka huu nikishindwa, je, bibi anaweza kungoja usajili wa mwakani? Aliisoma karatasi mara ya pili.

"Ana hili jicho moja tu?"

"Moja."

"Basi usisubiri," alisema. "Kinachopotea kwenye presha ya macho hakirudi, dada yangu. Sisi tunalinda kilichobaki."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja duka la dawa. Matone ya mwezi mmoja ningeweza kuyanunua mwenyewe, na niliyanunua siku ileile. Matone ya maisha, na upasuaji, ambao ni mpaka Mwanza, mshahara wangu haukuwa na mahali pa kuyaweka.

Dada wa rasilimali watu ni mwenyeji wa Iringa, mtu wa utaratibu, kalamu zake zote zimepangwa kwa rangi. Alifungua faili langu.

"Hapa baba amefariki. Pole."

"Ahsante."

"Alifariki..." Alilinganisha karatasi mbili. Akazilinganisha tena. "Dada, huyu baba alifariki miaka minane kabla hujazaliwa."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

Nilimweleza. Alinisikiliza akiwa ameishika kalamu ya kijani hewani, kisha akasema amekaa Musoma mwaka mzima anakula sato na hakuna aliyewahi kumwambia habari hiyo. Aliuliza maswali mengi, si kwa dharau. Mwishoni akajikusanya.

"Kwa hiyo bibi ndiye kama baba yako."

"Kwa ng'ombe, ndiyo."

"Mfumo hauna ng'ombe."

Tulicheka wote wawili, mimi kwa woga. Mfumo ulikuwa na mzazi wa kuzaa, aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na ulikuwa na mlezi. Mzazi wangu aliyeandikwa na aliye hai ni mama. Ndiye aliyekuwa amekaa kwenye nafasi ile moja kwa miaka mitatu, na kadi yake ya bima aliibeba kwenye pochi pamoja na picha yangu ya darasa la saba. Mlezi angeweza kuchukua nafasi hiyo, kwa sharti moja. Mzazi aliye hai aje mwenyewe na kitambulisho, atie saini tamko kwamba hakumlea mtoto huyu. Akishatamka, anaondolewa kwenye bima zote, ya macho na ya kawaida, na hawezi kurudishwa tena kama mzazi wangu, si mwaka huu, si mwaka mwingine.

Aliichapisha fomu akanipa. Niliikunja, nikaikunjua ngazini, nikaikunja tena. *Natamka kwamba sikumlea mtoto aliyetajwa hapo juu tangu akiwa na umri wa miaka*, halafu nafasi ya namba.

Jumatano niliomba ruhusa nikaenda Butiama kuchukua dole gumba la bibi, kwa sababu mlezi naye alitakiwa kukubali. Nilimkuta ameketi nje anachambua maharage kwenye ungo, kwa vidole, haraka kuliko mimi ninayeona. Nilimtia matone. Nilimwambia habari ya bima, ya Mwanza, ya madaktari. Alisikiliza.

"Na hiyo karatasi inasema nini?"

"Inasema wewe ni mlezi wangu."

"Mlezi." Alilionja neno. "Nimetoa ng'ombe, nimeoa, nimejengea watu mji, halafu naandikwa mlezi. Kama yule msichana anayelindaga watoto wa mwalimu."

"Ni neno lao tu, bibi."

"Na mke wangu wamemwandika nini?"

Mke wangu. Alimwita hivyo siku zote, hata miaka ile ambayo mke huyo alikuwa Bunda na majirani walikuwa wanamng'ong'a. Fomu ilikuwa magotini kwangu, na sentensi ya mama ilikuwa pale juu kabisa, kwa herufi nzito. Bibi aligeuza uso akaielekea karatasi kwa jicho lile la kushoto. Jua lilikuwa linateremka. Jioni haonagi sana.

"Hawajamwandika kitu," nilisema.

"Kabisa?"

"Kabisa, bibi."

"Maana wakitaka kumwandika vibaya, dole sitoi. Jicho nimelitumia vya kutosha, nimeona mengi hata ambayo sikuyataka."

Nilikishika kidole chake, nikakikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Nilikawia kukiachia, na yeye akaniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Huo ulikuwa uongo wa pili ndani ya dakika tano, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Bunda nilifika kesho yake adhuhuri. Ilikuwa Desemba, msimu wa sare za shule, na mama alikuwa kwenye baraza la duka analopanga, amezungukwa na marundo ya kitambaa cha bluu kiasi kwamba nilimwona kichwa tu. Aliniangalia juu ya miwani aliyonunua kwa wachuuzi wa stendi, mguu mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi.

"Umekuja mikono mitupu? Hata mkate?"

Nilisema nimekuja haraka. Akasema watu wa ofisini siku zote wanakwenda haraka na hawafiki. Akanisogezea kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani. Nilimweleza kila kitu, kuanzia kiganja ukutani. Aliposikia habari ya jicho la kulia, cherehani ilisimama. Nilipofika kwenye tamko, ilianza tena.

"Nisomee," alisema.

"Unaweza kusoma mwenyewe, mama."

"Nisomee wewe."

Nilisoma. Barabarani mabasi ya Mwanza yalikuwa yanapiga honi na mtu alikuwa anatangaza sumu ya panya kwa kipaza sauti, na mimi nilikuwa nasoma kwa sauti ya chini, mbele ya mama yangu, kwamba hakunilea. Nilipomaliza sikuthubutu kuinua kichwa. Aliniuliza kama kadi yake itakufa. Nilisema ndiyo. Aliuliza kama ni kweli mtaalamu amesema mwaka hausubiriki. Nilisema ndiyo. Aliuliza kama mama, yaani bibi, anajua kilichoandikwa. Hapo nilikohoa, nikasema tutaongea hilo baadaye. Alinyanyua sketi aliyokuwa anashona, akaipeleka mbali kwa urefu wote wa mkono ili auone mshono, na bado akakunja uso.

"Fundi asiyeona mshono wake anafanyaje kazi?" nilisema. Nilitaka iwe utani.

"Anashona kwa mazoea."

"Mama, nikikuweka wewe kwenye kile kifurushi cha kwanza, unapata miwani ya kweli. Sijui nifanyeje. Niambie nifanyeje."

"Nina sare arobaini na mbili," alisema. "Wenyewe wanazitaka kabla ya Krismasi. Rudi Musoma. Nitakuja au sitakuja."

Usiku ule usingizi haukuja. Nilijaribu kuandika, nikajikuta ninaandika majina yao wawili, moja juu ya jingine, kama mtu anayejaribu saini. Nilijiuliza kama nimekwenda Bunda kumwomba mama jicho la bibi, au nimekwenda kumfanya aseme kwa maandishi lile ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu utoto. Wazo hilo lilinitia hofu kuliko fomu yenyewe. Maana sehemu fulani ya moyo wangu, nilipokuwa nasoma pale barazani, haikuwa na huruma. Ilikuwa inasikiliza.

Ijumaa saa nne mama hakuwa amefika. Saa sita nilimpigia, simu haikupokewa. Saa nane nilisimama kwenye dirisha la nyuma nikiangalia ziwa bila kuliona. Saa tisa dada wa Iringa aliniita, akasema kwa upole kwamba mtandao huwa unalemewa jioni za mwisho, na kwamba ingekuwa vizuri nimwandike mama kwenye kifurushi cha kwanza, ili angalau mmoja apate kitu. Alinigeuzia kompyuta. Kulikuwa na vitufe viwili. Nilisogeza mshale juu ya kile cha kwanza, nikauacha pale. Kidole kilikuwa kinauma kwa kutobonyeza. Nilifikiri: huu hautakuwa uamuzi mbaya, hakuna atakayenilaumu, bibi mwenyewe amesema limemtosha. Nilikuwa na sababu zote. Niliondoa mkono.

"Nipe mpaka saa kumi na nusu," nilisema.

Alifika saa tisa na dakika arobaini. Amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani, uzi wa bluu bado umeng'ang'ania begani, na mkononi ameshika kitambulisho tu, kama mtu anayekwenda kupiga kura. Alimsalimia dada wa Iringa kwa heshima zote, akauliza habari za watoto, akaambiwa bado, akasema Mungu atajalia. Kisha akaketi akaiweka mikono juu ya meza.

Dada alimsomea masharti yote. Alimsomea kwamba kadi itafungwa. Alimwuliza kama ameelewa, mara mbili, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka. Mama alisema ameelewa.

"Hapa panahitaji umri, mama. Hukumlea tangu akiwa na miaka mingapi?"

Niliangalia sakafu. Mimi mwenyewe sikuwa na namba hiyo. Siku zote nilijiambia nilikuwa mkubwa, labda tisa, labda kumi, kwa sababu nilikumbuka nikimwangalia akiondoka na sikukumbuka kulia.

"Sita," mama alisema. "Sita na miezi minne."

Alisema bila kufikiri, jinsi mtu anavyotaja tarehe yake ya kuzaliwa. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba alikuwa anakuja lakini, sikukuu alikuwa anakujaga, na magauni pia, andika basi kwamba alikuwa anakuja. Dada wa Iringa alinitazama kwa macho yaliyolowa kidogo.

"Hakuna kisanduku cha kuja," alisema.

"Andika miaka sita," mama alisema. "Miezi iache."

Alipewa kalamu. Aliinama, akajivuta nyuma, akainama tena. Saini yake ilianguka chini ya mstari, nusu ikiwa juu ya jina la kampuni ya bima. Dada akasema samahani, itakataliwa, akachapisha nakala nyingine, akamwekea kidole pale pa kuanzia. Mama akakifuata kile kidole kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Mama, na wewe macho vipi?" dada aliuliza.

"Yangu ni ya miwani. Yake yakienda hayarudi."

Basi nikabonyeza kitufe cha pili. Mfumo ulizunguka, ukazunguka, nikahesabu pumzi zangu, ukaandika kwamba maombi yamepokelewa na mlezi amesajiliwa kuanzia mwezi unaofuata. Kwenye mstari wa mzazi palikuwa peupe. Nilidhani nitafurahi. Badala yake niliusoma ule mstari mtupu mara ya pili.

Nilimwomba mama tukale, ziko hoteli pale Mwigobero zenye samaki mzuri. Alisema kuna sare kumi na tisa bado. Nilimwomba anywe hata soda. Alikuwa amekwisha kusimama, anaufunga mtandio. Aliisogelea meza, akakiokota kitambulisho chake, akakiangalia kwa mbali kana kwamba anahakikisha ni cha kwake.

"Ulimwambia kilichoandikwa?" aliniuliza, kwa sauti ya chini, dada asisikie.

"Hapana. Nilimdanganya."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilingoja anigombeze, na nilitaka anigombeze, ingekuwa kama kulelewa.

"Usimwambie," alisema. "Jumapili nitampelekea gauni. Ataniuliza mwenyewe, na mimi nitajua la kumjibu."

Alimuaga dada wa Iringa, akanigusa shavu kwa vidole vyake, ambavyo uzi wa cherehani umevichimba vijia vidogo, akaenda. Nilitaka kumfuata mpaka ngazini lakini dada alikuwa ananiita nitie saini yangu kwenye karatasi ya mwisho, ile ya kuthibitisha kwamba yote aliyoyatamka mama ni kweli. Nilikuwa nimeshika kalamu, sijagusa karatasi bado, mlango ulipojifunga nyuma yake.